Dola ya Laminesheni

Mussa wa stesheneri ya Msamala ana nusu ya diploma ya utalii. Ukimuuliza ni nusu ipi, atakujibu bila aibu kwamba ni ile ya kuongea. Ile ya kufanya aliiacha chuoni Iringa, mwaka ambao korosho za baba yake kule Tunduru zilikosa bei na ada yake ikakosa mlipaji. Akarudi Songea na begi, tai moja na Kiingereza cha kumkaribisha mgeni hotelini, akafungua kibanda cha kutoa kopi, kupiga picha za pasipoti na kulaminati vyeti. Mgeni wa kumkaribisha hajamwona mpaka leo. Ila picha za pasipoti amepiga nyingi, za watu ambao hata Makambako hawajavuka, na wote huwapa maelekezo yaleyale: usicheke, inua kidevu, jifanye umeshafika ng'ambo.

Siku alipohitaji pasipoti yake mwenyewe, ilibidi amwite Asma aje kubonyeza kamera.

"Usicheke," Asma akamwambia.

"Sicheki."

"Unacheka, Mussa. Tena unacheka kama mtu aliyeiba machungwa."

Asma ni fundi cherehani, chumba chake cha kazi ni cha tatu kutoka stesheneri, na yeye ndiye aliyekuwa sababu nzima ya pasipoti. Wawili wenyewe walishakubaliana kuoana. Mama yake Asma, kule Tunduru, alishasema hana neno. Lakini kwa Wayao mama kutokuwa na neno si mwisho wa maneno. Mtoto wa kike ana mjomba, na mjomba ndiye anayesema ndiyo. Mjomba huyu, Abdulswamadu, alihamia Lichinga, Msumbiji, tangu zamani, ana duka la vipuri vya baiskeli na shamba lake, na alishatamka kwenye simu kwamba picha za WhatsApp haziposi mke, na hakufungua hata moja. Anataka kumwona kijana kwa macho yake.

"Mjomba akisema hapana, mimi sikimbii na wewe," Asma alisema, akikata uzi kwa meno. "Tutasalimiana hapa barazani kama majirani, basi. Kwa hiyo ukifika kule punguza mdomo. Mwoaji hasemi. Anayesema ni mshenga."

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Kaa kama unapigwa picha ya pasipoti."

Mtu mwenye akili angeogopa. Mussa alifurahi kwamba anakwenda nje ya nchi.

Chuoni alikuwa amesomeshwa mwaka na nusu juu ya tabia za mtalii. Mtalii anavaa kofia ya duara. Mtalii anakumbatia chupa ya maji kama kitoto kichanga. Mtalii analipa kwa dola. Hakuna somo lililosema mtu wa Songea akiwa yeye ndiye mtalii afanyeje, kwa hiyo Mussa akaamua kufanya vilevile wanavyofanya wenzake. Kofia akanunua mtumbani. Chupa ya maji anayo. Akachukua akiba yake yote ya safari, akabakiza shilingi za nauli ya kumfikisha mpakani, akaenda benki kununua dola.

Dada wa dirishani, beji yake imeandikwa Lidwina, akaangalia pasipoti, akamwangalia na mwenyewe.

"Unasafiri kwenda wapi?"

"Ng'ambo."

"Ng'ambo wapi?"

"Msumbiji."

"Hapo mpakani Mkenda?" Lidwina akauma midomo ili asicheke. "Kaka, shangazi yangu anavuka hapo kila wiki na shilingi zake kwenye pindo la kanga."

"Shangazi yako anakwenda sokoni. Mimi nakwenda kutalii."

Lidwina hakubishana na mteja. Akampa noti moja ya dola mia, mpya, nyoofu, imekaza kama shati lililopigwa pasi. Mussa aliibeba hadi Msamala kwa vidole viwili, akikwepa watu. Alikumbuka vizuri walivyofundishwa: dola ikikunjwa inakataliwa, ikichanika hata pembeni inakataliwa, ikichorwa kalamu ndiyo usiseme. Sasa barabara ya Mkenda na mabegi yale, noti ingefika haina hata sura. Akaketi kibandani akifikiri. Mbele yake mashine ya laminesheni ilikuwa bado ya moto, imetoka kukikinga cheti cha ubatizo cha mtoto wa mtu.

Hapo ndipo nusu ya diploma ilipofanya kazi yake.

Jirani yake Eric alioneshwa noti hiyo jioni ile. Eric ni mwalimu wa hisabati, Mchaga wa Moshi ambaye mtaa mzima humwita Mangi, serikali ilimleta Songea akaizoea. Alikuwa amekubali kuwa mshenga kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa na kwa sababu hakujua mshenga anafanya nini.

"Mussa, umeilaminati?"

"Nimeikinga."

"Hii ni hela, aisee! Siyo leseni ya bodaboda."

"Mangi, wewe fundisha magazijuto. Mambo ya utalii niachie mimi."

Eric akaenda kwake, akajaza shilingi kwenye soksi. Alisema hakupata muda wa kubadilisha chochote. Baadaye alikiri kwamba hakutaka.

Walitoka Ijumaa alfajiri. Kwenye dirisha la uhamiaji pale Mkenda ofisa aliuliza wanakwenda kufanya nini huko.

"Utalii," akasema Mussa.

"Posa," akasema Eric palepale.

Ofisa akawatazama, akatazama kofia ya duara. "Haya, utalii wa posa," akasema, akagonga mihuri.

Ng'ambo ya mto wa mpakani, hatua chache kutoka stendi, mama mmoja aliyeitwa Natalia alikuwa anauza ugali na kambale. Sufuria zake hazikuwa na habari na mpaka, na mfuko wake wa aproni ulikuwa na meticali za kwao, shilingi zetu na hata kwacha za Malawi, zote zimelala pamoja bila ugomvi. Mussa akala, akashiba, akajifuta midomo, akatoa dola yake na kuilaza mezani. Ikalia *ta!* kama kipande cha bati.

Mama Natalia akaiinua. "Hiki kitambulisho cha nani?"

"Ni hela, mama. Dola."

"Na huyu mzee ni nani?"

"Ni mkubwa wao mmoja wa zamani."

"Mbona kanuna?" Akamrudishia. "Mwanangu, mimi natoa chenji ya kambale. Chenji ya mzungu siitoi. Huna shilingi?"

"Tupo nje ya nchi, mama."

"Nani kakwambia?" Mama Natalia akamgeukia Eric, ambaye alishavua kiatu. Shilingi za soksini zikapokelewa vizuri, zikaingia aproni, na chenji ikarudi.

Wabadilishaji fedha wa pale hukaa kwenye viti vya plastiki na kikokotoo pajani. Yule wa kwanza aliishika dola ya Mussa, akaipiga kucha, akaielekeza juani, akaiegemeza kwenye kikokotoo chake kama picha ya familia.

"Kaka, itoe kwanza kwenye plastiki."

"Nikiitoa itachanika."

"Usipoitoa sitaigusa karatasi yenyewe nijue kama ni halali."

"Sasa?"

"Sasa umeshaivisha sanda. Mzike tu."

Kutoka hapo hadi Lichinga Eric ndiye aliyelipa. Alilipa gari, akalipa gesti walipolala njiani, akalipa chai. Kondakta alimwita bosi. Mwenye gesti alimwuliza bosi kama kijana wake naye anataka maji ya moto. Mussa, kwa kuwa hana cha kutoa mfukoni, akawa anatoa mdomoni: anauliza njia, anasalimia wazee kwa Kiyao, anasimulia, anachekesha gari zima. Eric hakujua Kiyao hata cha kuombea maji, kwa hiyo alikaa kimya, kidevu juu, mikono kwenye magoti. Ukimwona ungesema anapigwa picha.

Walifika Lichinga Jumamosi baada ya adhuhuri. Benki zilikuwa zimeshafungwa. Mussa aliugonga mlango mmoja wa kioo hadi mlinzi akasimama. Ikabidi na zawadi anunue Eric: sukari, sabuni, na kitenge cha mke wa mjomba. Pikipiki akalipa Eric. Na waliposhuka langoni kwa Abdulswamadu, mizigo yote ilikuwa mikononi mwa Eric, maana Mussa alikuwa ametangulia kupiga hodi na tayari alikuwa anaongea.

Mjomba alikuwa dukani. Aliyewapokea ni mkewe, Bi Biasha, na heshima zake zilikuwa za Kiyao safi. Kwao mkwe hatazamwi usoni, hatajwi jina, haulizwi hali yake. Mama mkwe, na mke wa mjomba ni mama mkwe pia, humwinamia pembeni, ushungi usoni, akapita. Bi Biasha aliwatupia jicho mara moja tu, likamtosha. Huyu anayebwabwaja mlangoni ndiye mshenga. Na huyu mpole, kabeba zawadi, kalipa pikipiki kwa mkono wake, ndiye mwoaji. Akavuta ushungi, akampa Eric mgongo.

Mussa hakulitambua hilo hadi chakula kilipoletwa. Mkeka mpya ulitandikwa upande wa Eric. Bakuli la kuku likawekwa mbele ya Eric, na juu kabisa, peke yake, ilikuwa firigisi, nyama ya mgeni wa heshima. Bi Biasha akaja kumnawisha Mussa, akamtazama usoni wazi, akamwuliza barabara ilikuwaje, mvua zilikuwaje, mama wa kule hajambo?

Mussa akajibu yote matatu. Kisha ndipo akatambua. Mama mkwe anamtazama! Anamtazama kama mtu wa kuja kusoma mita ya umeme!

"Mangi," akanong'ona, "usiile hiyo firigisi."

"Nimeshameza. Kwani ilikuwa ya nani?"

Kusema ukweli palepale hakuweza. Mwoaji hajitangazi, Asma alikuwa amemwambia. Na angejitangaza kwa lipi? Kwa kofia? Akajipa moyo kwamba mjomba akija ataelewa mwenyewe. Mjomba akaja, mtu mfupi mwenye kanzu nyeupe na mikono yenye grisi kwenye mistari ya viganja, akapokea shikamoo zao, akakaa, akamtazama Eric kwa upole mkubwa, kisha akamgeukia Mussa.

"Karibuni sana. Haya, mshenga. Tunasikiliza."

Eric alimtazama Mussa. Mussa alimtazama Eric. Hakuwa na hata neno moja la kuposea. Kimya kikawa kirefu hadi kikawa utovu wa adabu, na Mussa, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuliona pengo kwenye mazungumzo akaliacha, akasikia sauti yake ikianza.

"Mjomba, alhamdulillahi. Tumekuja kuomba jiko. Kijana wetu ni mtu wa watu. Ana biashara yake mjini, ya teknolojia. Amesoma utalii."

Mjomba akamtazama Eric. "Utalii?"

Eric akatikisa kichwa kukubali. Angefanya nini?

"Ni mpole," Mussa akaendelea, kajisahau, kanogewa. "Si mtu wa maneno mengi. Mkarimu. Na uso wake, mwenyewe unauona, una nuru."

"Naona, naona," mjomba akasema, na kweli alikuwa anaiona nuru, ila kwenye uso wa mtu mwingine. "Mashallah. Kwa kweli mimi nilikuwa na hofu. Niliambiwa na watu wa Songea kwamba huyo kijana ni kidomodomo. Kumbe watu wana husuda tu." Adhana ya alasiri ikaanza kutoka msikiti wa jirani. Mjomba akasimama, akamshika Eric mkono. "Twende tukaswali, mwanangu. Tukirudi nitakupa jibu lako."

Eric alisimama naye, kwa sababu mkono wake ulikuwa umeshikwa. Akapiga hatua mbili. Akasimama.

"Mzee... mimi huwa nasali Jumapili."

Mjomba aliuachia ule mkono taratibu, kama mtu anayerudisha bidhaa dukani. Kule nyuma Bi Biasha aliangusha kifuniko.

"Asma alisema Mwislamu," akasema mjomba. "Asma alisema mtoto wa Tunduru." Mkono ukaingia mfukoni, ukatoka na simu. "Kumbe mtoto ananidanganya mimi."

Mussa aliiona ile simu na akaona kila kitu: Asma anapokea akiwa kwenye cherehani, anasikia sauti ya mjomba ikimwita mwongo, halafu barazani pale Msamala, habari za asubuhi jirani, nzuri jirani, hadi uzeeni.

"Mjomba, Asma hajadanganya. Mussa ni mimi."

"Wewe si mshenga?"

"Mshenga ni huyu. Ila hajui kusema."

"Na yule kijana mpole uliyemsifia?"

"Nilikuwa najisifia."

Mjomba akamtazama kuanzia kofia hadi viatu na kurudi. "Sasa kama mwoaji ni wewe, mbona mwenzako ndiye anayelipa? Bi Biasha kaona pikipiki. Mimi mwenyewe vijana wa stendi wamenipigia, wageni wako wamefika, mmoja bosi na mmoja mpambe."

Mussa akatoa dola. Mjomba akaipokea kwa mikono miwili, akajaribu kuikunja, ikagoma, ikamrukia mkononi.

"Umeitia nini hii?"

"Laminesheni, mjomba."

"Kwa nini?"

"Isikunjwe."

Mjomba akamrudishia, akavaa makubazi, akatoka kwenda msikitini. Mussa akavua kofia akamfuata, kwa sababu alasiri ilikuwa ya kwake pia, na kwa sababu kubaki pale chini ya macho ya Bi Biasha kulikuwa kugumu zaidi.

Wakati wa kurudi walitembea pamoja. Mjomba alisema kwa sauti ya chini, bila hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Baba yake Asma alifariki mtoto yuko darasa la pili. Mimi nimemlea kwa simu na kwa mizigo ya basi. Sitafuti tajiri. Lakini nikimtoa kwa mtu anayelishwa na mshenga wake mwenyewe, dada zangu kule Tunduru wataniuliza nilikuwa nimelala?"

"Niliona aibu kuja kwako na shilingi, mjomba."

"Shilingi!" Mjomba akasimama katikati ya njia. "Nusu ya spoku zangu zinatoka Songea. Nanunua kwa shilingi, nauza kwa shilingi kwa yeyote anayetoka huko. Nani kakufundisha kuionea aibu?"

"Chuo."

"Ulimaliza?"

"Hapana."

"Afadhali."

Hapo Mussa akamsimulia yote, maana hakukuwa na cha kuficha tena: dada wa benki, mashine ya moto, mama Natalia na mzee aliyenuna, yule wa kikokotoo aliyesema mzike. Alisema alitaka mjomba amwone mtu wa maana.

"Nilimwona," mjomba akajibu. "Kumbe ni mwalimu wa hesabu."

Lakini pembeni ya mdomo wake palikuwa pamelegea. Alikohoa kidogo, akageuzia uso ukutani, akakohoa tena, na mabega yakamtikisika kuliko kikohozi kinavyotaka.

"Kesho tunakwenda shamba," akasema alipomaliza. "Mtoto wa mkulima wa korosho huwa ana mikono. Tutaiona kama nayo umeilaminati."

Shamba la Abdulswamadu lilikuwa nje ya mji, mahindi yamefika magotini na magugu yanayafuata kwa bidii. Eric aliwekwa kivulini, kwa kuwa mshenga ni mgeni, akapewa kiti na miwa. Mussa akapewa jembe. Miaka ya kubonyeza mashine ya kopi ilikuwa imemlainisha viganja, na kabla ya mstari wa pili malengelenge yalishaota. Alipalilia kwa namna ya Tunduru aliyofunzwa na baba yake kwa viboko, mgongo chini, jembe jepesi, udongo unarudishwa shinani, na ingawa alihema kama bodaboda inayopanda mlima, hakukata hindi hata moja. Mjomba alikuwa mstari wa jirani, anatazama mashina.

Jua lilipokuwa kali Bi Biasha akaleta uji. Alimpa Eric mkononi, wakasalimiana vizuri tu kwa ishara. Alipofika kwenye mstari wa Mussa akavuta ushungi hadi puani, akaliweka bakuli chini mbali naye, akageuka na kuondoka haraka bila kumtazama. Mussa alilisimamia lile bakuli bila kuligusa hadi mjomba akamwambia anywe, uji unapoa.

"Wazee wako waje baada ya mavuno," mjomba akasema, akikwangua udongo kwenye jembe lake. "Waje na mshenga anayejua kusema. Na wewe huondoki leo. Palilia hadi kule kwenye mti wa mwisho. Sitaki mkwe ambaye kazi yake ninaijua nusu."

Mti wa mwisho, kwa macho ya Mussa, ulikuwa karibu na Malawi.

Jumatatu alipelekwa benki asubuhi, wakaigeuzageuza ile dola, wakaitana hadi meneja, wakamrudishia kwa heshima zote. Eric akamwachia shilingi za nauli ya kurudi, akampa na soksi yenyewe, akapanda gari kuwahi shule kufunguliwa. Mussa akarudi shamba. Mchana Asma akapiga simu.

"Mjomba kaniambia. Nimefurahi hadi nimeshona mkono wa gauni la mtu kwenye mfuko. Sasa unarudi lini? Watu wamejaa kibandani kwako, wanataka kopi."

"Wiki ijayo, nadhani. Ni shamba kubwa."

"Niwaambieje?"

"Waambie nipo ng'ambo."

"Nimeshawaambia. Wanauliza unafanya nini huko ng'ambo."

Mussa alitazama mistari iliyobaki, akaibadilisha simu mkono kwa sababu ule mwingine malengelenge yalikuwa yamepasuka.

"Waambie napalilia," akasema.